Usijipime kwa Aliyetoboa Jana

Jioni ya siku ya soko, meza ya mnunuzi wa dhahabu hukusanya macho mengi. Kijana anafungua kikaratasi, anamwaga punje zake kwenye sahani ya mizani ndogo. Upande wa pili mnunuzi anaweka vijiti vya kiberiti kimoja kimoja, maana hapa kwetu kijiti nacho ni jiwe la mizani. Waliosimama nyuma wanahesabu kimya kimya kwa midomo. Vikiwa viwili au vitatu, wanatawanyika. Vikizidi hapo, jina lake linabadilika palepale: aliyekuwa akiitwa "mdogo" asubuhi sasa ni "boss", sasa ni "mukubwa". Anatoka na fedha mkononi na kundi nyuma yake. Siku chache baadaye fedha imekwisha kwa bia, moto (pikipiki) ya kukodi na viatu vipya, na malaria ikimpata hana hata franka za kipimo.

Simsemi kijana huyo vibaya. Ametoka shimoni hai, na hilo peke yake ni sababu ya kufurahi. Ninachotaka tukizungumze ni kile kinachomsukuma, nacho kimo ndani ya kila mmoja wetu, awe mchimbaji, mwalimu, muuguzi, mama muuza sombe au mkubwa wa ofisi kule Bunia: hofu ya kuonekana wa chini. Hofu hii hailipiwi kwa fedha tu. Moyo unailipia, usingizi unailipia, ini na mapafu pia. Wako watu hapa Kilo, Ituri, wanaougua kwa sababu hawana kitu. Wako pia wanaougua kuliko inavyostahili kwa sababu wanajiona si kitu mbele ya wenzao. Mara nyingi ni watu walewale, na ndio ninaotaka kusema nao leo.

Anza kwa kujaribu jambo dogo. Chukua karatasi, chora ngazi yenye vipandio kumi. Juu kabisa wapo wenye fedha nyingi, elimu kubwa na kazi za kuheshimiwa. Chini kabisa wapo wasio na chochote. Weka alama mahali unapojiona wewe umesimama. Zoezi hili lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Nancy Adler, pamoja na wenzake, na mwaka 2000 walionyesha kwamba alama hiyo moja ya kalamu inaendana na namna mtu anavyopata usingizi, moyo wake unavyopiga na msongo alio nao, hata baada ya kuhesabu kipato chake na elimu yake.

Utasema hiyo ni njia nyingine tu ya kusema kwamba maskini huugua zaidi. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake walijaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili. Walichukua watu wazima 193 wenye afya nzuri, wakawaomba wajiweke kwenye ngazi ileile, kisha, kwa ridhaa yao, wakawatia virusi vya mafua puani na kuwaweka karantini. Waliojiweka chini ndio walioshikwa na mafua zaidi, hata walipolinganishwa na watu wenye kipato na elimu kama yao. Mwili ulikuwa umesikia kile ambacho moyo unajiambia kila siku.

Na si jambo la watu wenye njaa peke yao. Huko London, uchunguzi ulioanza mwaka 1967 uliwafuatilia watumishi wa serikali kwa miaka mingi. Wote walikuwa na mshahara, na matibabu ya nchi yao ni ya bure. Hata hivyo matarishi na walinda milango walikufa kwa maradhi ya moyo takriban mara tatu kuliko wakubwa wa ngazi ya juu. Daktari Michael Marmot na wenzake walipochambua sababu, waliona sigara, shinikizo la damu na mafuta kwenye damu vinaeleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ulileta jambo linalotugusa sana sisi wa mashimoni: mtu asiye na usemi juu ya kazi yake, anayeamriwa aanze lini na aache lini, moyo wake uko hatarini kuliko wa yule anayejipangia. Nitalirudia hili nikifika kwa ma-PDG, yaani wenye mashimo.

Linavyotokea mwilini si fumbo. Mtu anapotishwa, mwili humwaga homoni za hatari, moyo unapiga haraka, sukari inaingia kwenye damu ili miguu ikimbie. Kwa dakika kumi, hiyo ni zawadi ya Mungu. Inatuokoa na nyoka na inatuokoa na risasi. Inapokaa miezi na miaka, kwa sababu mtu anaamka na aibu na kulala na aibu, inapandisha presha, inaharibu usingizi, inapunguza kinga dhidi ya magonjwa. Mtafiti Robert Sapolsky aliyaona haya kwa nyani wa Masai Mara, Kenya, alikoanza kazi mwaka 1978. Madume ya daraja la chini, yaliyopigwa na kunyang'anywa chakula kila siku, yalikuwa na homoni hizo kwa wingi. Kisha katikati ya miaka ya 1980 likatokea jambo ambalo hakulipanga. Madume makali ya kundi moja yalizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, yakala nyama yenye kifua kikuu, yakafa. Waliobaki walikuwa wapole. Kundi lile likabadilika tabia, likakaa hivyo kwa miaka mingi hata madume wapya walipoingia. Daraja lilikuwepo bado, juu palikuwa juu na chini palikuwa chini, lakini wa chini hawakuwa tena na alama zile za msongo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Mimi nayachukua kama habari njema kabisa: ngazi inaweza kubaki, na bado aliye chini akaishi vizuri, ikiwa walio juu yake wataacha kumkanyaga.

Ngazi ya Kilo ilijengwa zamani

Ni vizuri kijana ajue kwamba macho haya yanayompima hayakuanza na yeye. Watafutaji madini kutoka Australia walipata dhahabu katika mito ya huku mwaka 1903, uchimbaji ukaanza 1905. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Sokimo, na 1966 ikaja Okimo ya serikali. Katika muda wote wa Wabelgiji mtu alijua daraja lake kwa nyumba aliyopewa, kwa chakula alichopimiwa na kwa mlango aliopitia. Zaidi ya hapo, mwaka 1948 utawala wa kikoloni ulileta kadi ya sifa ya uraia kwa Wakongomani waliohesabiwa kuwa "wameendelea", na mwaka 1952 ukaongeza usajili wa daraja la juu zaidi. Ili mtu aupate usajili huo, wakaguzi waliingia nyumbani kwake kuona analala wapi, anakula na nani mezani, mke wake anaweka vyombo namna gani. Babu zetu walifundishwa kwamba utu ni kitu cha kukaguliwa na mgeni. Tukishangaa leo kwa nini mtu ananunua sofa kabla ya chandarua, tukumbuke mafundisho hayo.

Tena Ituri inajua vibaya mno ubaya wa kupanga watu kwa ngazi. Wabelgiji waliwatanguliza Wahema katika shule na utawala, wakawaacha Walendu nyuma, na dharau iliyopandwa hapo ilichangia chuki iliyolipuka 1999 hadi 2003 na kuua makumi ya maelfu ya watu. Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema kabila fulani ni la watwana au kabila fulani linajiona, usicheke naye. Hapa petu maneno hayo yameshazika watoto.

Siku ya kuuza

Sasa niseme na wewe uliye shimoni. Kosa la kwanza ni kujilinganisha na aliyetoboa jana. Shimo moja lina watu wengi. Anayeonekana sokoni ni yule mmoja aliyepata. Wale wengine wote wametoka na matope, wamerudi kambini kimya, wala hakuna aliyewaona. Ukijipima kwa mmoja anayeonekana, utajiona umeshindwa kila wiki ya maisha yako, na utatafuta njia ya haraka ya kuonekana nawe. Jilinganishe na wewe wa mwaka jana: deni limepungua? Mtoto amerudi shule? Kuna bati limeongezeka kwenye nyumba? Maswali hayo yana majibu ya kweli, na majibu hayo yanakaa mkononi mwako.

La pili, panga fedha kabla hujaingia shimoni, ukiwa umetulia, kwa sababu akili ya mtu mwenye njaa na akili ya mtu aliyezungukwa na washangiliaji zote mbili hazina nafasi ya kupanga. Watafiti walilipima hili kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, na kuchapisha mwaka 2013: mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, fedha ikiwa imekwisha, kuliko baada ya mavuno. Umaskini ulikuwa umeishika akili yake, na haikuwa na nafasi ya mambo mengine. Basi sema mapema, mbele ya mke wako au mama yako au rafiki mmoja wa kuaminika: ikitoka fedha, kwanza deni la dukani, pili chakula cha mwezi, tatu fedha ya matibabu, nne sanduku. Kinachobaki, furahi nacho. Ndiyo, furahi, sikukatazi kununua soda au bia kwa wenzako walioshika kamba ukiwa chini. Ila kiasi kiwe kimetajwa kabla.

Sanduku ninalolisema ni lile la AVEC, chama cha akiba na mikopo cha kijiji. Likelemba, mchango wa zamu, ni nzuri kwa kununua kitu kimoja kikubwa, lakini haikupi fedha siku ya ugonjwa kama si zamu yako. AVEC inakupa mkopo, na nyingi huwa na mfuko wa kijamii kwa ajili ya msiba na matibabu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Wanachama wengi ni wamama, na wanaume wengi wa karieri (machimboni) wanaona haya kukaa nao chini ya mwembe na kuweka kiasi kidogo. Haya hiyo inawapotezea fedha nyingi. Kaa nao. Mama anayeweka kidogo kila wiki mara nyingi ana usingizi mzuri kuliko PDG mwenye deni kwa wanunuzi wawili.

Na kuhusu kutangaza. Uzito wa dhahabu yako ni siri yako na ya wenye mgawo. Uza mchana, mbele ya mwenzako mmoja, kwa mnunuzi mwenye mizani unayoijua, kisha peleka fedha nyumbani kabla ya kupita baa. Ukisita kuinywesha mitaa, wapo watakaokuita mchoyo. Watakuita hivyo wiki moja.

Hapa lazima niseme juu ya zebaki, kwa sababu nayo inahusu kuficha na kuonekana. Wengi huchoma donge lao la dhahabu na zebaki jikoni, mlango umefungwa, kijiko juu ya makaa, kwa sababu hawataki jirani aone kama ni kubwa au ni dogo. Moshi ule hauonekani vizuri na hauna harufu ya kukutisha, lakini ni sumu ya mishipa ya fahamu. Mikono inaanza kutetemeka, mtu anasahau, anakasirika bila sababu. Kwa mtoto na kwa mimba ni mbaya zaidi. Usichome ndani ya nyumba, usichome na kikaangio cha chakula, mama mjamzito na watoto wasiwe karibu hata kidogo. Chomea nje, mahali pa upepo, ukisimama upande ambao upepo unatoka. Kikundi kikiweza kununua chombo cha kufungia mvuke, zebaki inarudi na inatumika tena, kwa hiyo hata mfuko unapona. Aibu ya jirani kujua gramu zako haiwezi kulingana na akili ya mtoto wako.

Juu ya kaikpo na lutuku, pombe zetu za hapa, nitasema kidogo. Watu wanafikiri maskini akipewa fedha ataimaliza kwa pombe, na hata sisi wenyewe tumeanza kuamini hivyo juu yetu. Katika Rarieda, magharibi mwa Kenya, kati ya 2011 na 2013, familia maskini zilipewa fedha bila masharti na watafiti wakafuatilia zilikokwenda. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Watu walinunua chakula, mabati, mifugo, na waliripoti msongo mdogo na furaha zaidi. Kwa hiyo anayekuambia wewe ni mtu wa kulewa tu kwa asili yako, usimwamini. Mtu hunywa kaikpo usiku kucha akiwa na kitu anachotaka kukisahau. Akipata pa kukisemea, chupa inapungua. Lakini Rarieda ilionyesha na upande mwingine: majirani ambao hawakupewa, walipoona wenzao wanaezeka mabati, waliona maisha yao yameshuka ingawa hayakuwa yameshuka. Hisia hiyo ilififia baada ya muda. Ukiisikia moyoni mwako mwezi ambao jirani kanunua moto, jua ni hisia ya kawaida na itapita. Usiingie deni kwa ajili yake.

Mficha maradhi

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika eneo la afya la Kilo, kama kwingineko Ituri, ninaona sababu tatu zinazowafanya watu wakae na ugonjwa nyumbani. Kwanza fedha, na hiyo ni kweli tupu. Pili umbali na usalama wa barabara. Ya tatu watu hawaitaji kwa mdomo: kuogopa kudharauliwa. Nguo chafu, viatu vya matope, deni la mara ya mwisho, hofu ya kuzuiliwa wodini mpaka bili ilipwe. Basi mtu ananunua vidonge viwili kwa muuzaji wa kutembea, homa inashuka, anarudi shimoni, na siku ya nne anabebwa.

Ukienda kituo cha afya, usiende peke yako. Mtu wa pili hukupa sauti. Uliza bei kwanza, bila aibu: "Mama muuguzi, nina kiasi hiki, tuanze na kipimo kipi?" Muuguzi mzuri atakuambia kipi kinaweza kungoja na kipi hakiwezi. Omba fishi yako na risiti. Kama huwezi kufika, mtafute RECO, mhudumu wa afya wa kijiji chako. Kazi yake ni kukuunganisha na kituo, wala si fadhila. Na mume asimngoje mke aombe ruhusa ya kumpeleka mtoto mwenye homa. Mtoto mdogo na malaria hawangoji kikao cha familia.

Nawe muuguzi, nakuomba kwa heshima. Najua mshahara unachelewa na dawa zinakwisha. Lakini salamu haina bei. Mwite mgonjwa kwa jina lake, mpe pa kukaa, usiseme juu ya deni lake mbele ya foleni. Aliyeaibishwa mara moja hatarudi, na atawaambia kumi wengine wasije. Mwaka 1998 kule Durba, upande wa Watsa, wachimbaji wa shimo la Goroumbwa walianza kufa kwa ugonjwa wa kutoka damu. Walikuwa vijana wa kuchimba bila vibali, watu ambao hakuna aliyewahesabu. Dunia ilikuja kusikia mwaka 1999, ugonjwa ulipokuwa umeshafika kwa daktari wa eneo lile, naye akafa. Ulikuwa Marburg. Hadi shimo lilipojaa maji na ugonjwa kukoma mwaka 2000, watu 154 walikuwa wameugua na 128 wamekufa. Mtu wa chini akiugua bila kusikilizwa, wa juu naye hayuko salama.

Kwa wenye mashimo na kwa majirani

PDG, wewe uliyetoa fedha ya kufungua shimo, una haki ya fungu lako. Lakini watu wako wanaumwa na mambo ambayo hayakugharimu chochote kuyaondoa. Andika mgawo kwenye daftari kabla kazi haijaanza, na usome mbele ya wote: shimo fungu gani, wachimbaji fungu gani, chakula kinakatwa vipi. Sema saa ya kupumzika. Mwache kapita, msimamizi wa kazi, aamue kwamba leo ukuta una maji na hakuna kushuka, wala usimtukane kwa siku iliyopotea. Nilikuahidi kurudi kwenye London: usemi kidogo juu ya kazi unalinda moyo wa mtu, na shimoni unalinda shingo yake pia. Ukimpiga mtu kofi mbele ya wenzake kwa sababu ya punje iliyopungua, umemtia ugonjwa ambao hata yeye hataujua jina.

Wako kati yetu wakimbizi wa ndani. Baba aliyekuwa na ng'ombe, mashamba na kiti cha mbele kwenye kikao, leo anasimama foleni ya maharage na kuitwa "déplacé" na kijana wa umri wa mjukuu wake. Kuanguka kutoka juu kunaumiza kuliko kuzaliwa chini, na wazee hawa wanazimika taratibu: hawali, hawalali, presha inapanda. Usimpe unga tu. Muulize jambo analolijua. Mpe nafasi kwenye kamati ya maji, mwombe asuluhishe ugomvi wa mpaka, mwite papa au mzee kama ulivyomwita babako. Mama aliyekuwa mkunga kijijini kwake apelekwe kwenye kituo cha afya aseme na wauguzi. Kazi yenye heshima inamrudishia mtu usingizi, na kituo kinapata msaada.

Watoto nao wanachora ngazi yao mapema. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure kwa tamko la taifa, lakini mtoto bado anaweza kusimamishwa mbele ya darasa kwa sababu ya viatu. Mwalimu, usifanye hivyo. Mzazi, usimwambie mwanao "angalia mtoto wa boss fulani". Mwambie alichofanya vizuri leo, kwa jina la jambo lenyewe.

Siamini kwamba moyo mtulivu utamponya mtu asiye na maji safi, na atakayewaambia watu wa Kilo kwamba shida yao ni mawazo tu anawadhulumu. Tunahitaji barabara, dawa, amani na bei ya haki ya dhahabu. Lakini tunapozidai, tusiongezeane mzigo ambao tunaweza kuushusha wenyewe.

Kwa hiyo wewe unayekohoa. Najua unasema ni vumbi la mawe, na huenda kweli ni vumbi. Vumbi hilo linachimba mapafu na kufungua mlango kwa kifua kikuu. Ikiwa kikohozi kimepita wiki mbili, ikiwa unatoka jasho usiku na suruali inalegea, usingoje utoboe kwanza. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika mpango wa taifa, na matibabu ya kawaida ni miezi sita bila kuruka siku. Nenda na viatu vyako vya matope. Mchukue na yule mnayelala naye kambini, kwa maana naye anavuta hewa hiyohiyo. Nenda wiki hii.